Uvimbe, Jipu au Mchochota? Historia ya Jina la Ugonjwa Mmoja wa Ubongo

Utangulizi

Tuseme kwamba mama mmoja amempeleka hospitalini mwanawe aliyekwisha kuwa mtu mzima. Kijana huyo ameumwa kichwa kwa majuma mawili, mkono wake wa kushoto umelegea, na usiku uliopita alianguka akatetemeka mwili mzima. Amepigwa picha ya kichwa. Daktari anaitazama picha, anaona mabaka matatu yenye umbo la pete, kisha anasema: "Mama, mwanao ana uvimbe kwenye ubongo." Mama hasikii ila neno moja, uvimbe, na kwake yeye uvimbe wa ndani ni saratani, na saratani ya kichwa ni kifo. Anaomba ruhusa ya kumrudisha mwanawe nyumbani akafie mikononi mwa ndugu zake. Kumbe daktari hakuwa na maana ya saratani. Alikuwa na maana ya ugonjwa ambao wengi wa wanaotibiwa kwa wakati huanza kupata nafuu katika muda wa majuma mawili, tena kwa dawa za kumeza.

Mfano huu ni wa kubuni, ila utata wa neno uvimbe ni wa kweli, na kila mfasiri aliyewahi kushika maandishi ya tiba anaujua. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya ugonjwa huo, yaani mchochota wa ubongo uletwao na kimelea kiitwacho toksoplasma kwa watu ambao kinga ya miili yao imepungua. Tumeuchagua kwa sababu kila jina ulilopewa, tangu mwaka 1908 hadi leo, lilitokana na kile kilichoonekana kwanza, na mara nyingi kilichoonekana kwanza kilipotosha. Mwishoni tutapendekeza istilahi chache ili wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wazipime.

Mnyama wa Tunis

Mwaka 1908 Charles Nicolle, mkuu wa Taasisi ya Pasteur mjini Tunis, pamoja na msaidizi wake Louis Manceaux, walikuwa wakichunguza vimelea vya jamii ya leishmania. Katika kazi hiyo walimtumia mnyama mdogo mwenye kufanana na simbilisi, aishiye katika majabali ya kusini mwa Tunisia, ambaye wenyeji humwita gundi. Hapa mfasiri wa Kiswahili hana budi kusimama kidogo, maana gundi katika lugha yetu ni kitu cha kubandikia karatasi. Majina hayo mawili yamekutana kwa sauti tu, wala hayana udugu.

Ndani ya viungo vya mnyama huyo wataalamu hao waliona vijidudu vyembamba vilivyopinda. Kwanza walidhani ni leishmania ya aina mpya. Baada ya kuvichunguza zaidi waliona kwamba ni vimelea vya namna nyingine kabisa, na mwaka 1909 wakavipa jina jipya, *Toxoplasma gondii*. Sehemu ya kwanza imeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani: *toxon*, yaani upinde, na *plasma*, yaani umbo. Sehemu ya pili ni jina la mnyama, nalo liliandikwa kwa makosa: irabu *u* ya gundi iligeuzwa kuwa *o*. Kwa kuwa kanuni za kutaja viumbe huheshimu jina lililotangulia kuchapishwa, kosa hilo limedumu hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1908, mtaalamu mwingine, Alfonso Splendore, alikiona kimelea hichohicho katika sungura huko São Paulo, nchini Brazil. Basi ugunduzi mmoja ulifanyika katika mabara mawili kwa wakati mmoja, lakini jina lililoshika ni la Tunis.

Tukilipima jina hilo kwa mizani ya uundaji wa istilahi, tunaona kwamba linatuambia mambo mawili tu: kwamba kijidudu kimepinda kama upinde, na kwamba kilionekana katika mnyama fulani. Halisemi kama kinadhuru, kinamdhuru nani, wala katika kiungo gani. Waliolitunga hawana lawama, kwani wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua zaidi. Hata hivyo, ni vema tukumbuke kwamba jina hutunza ujuzi wa siku lilipotungwa, na ujuzi husonga mbele huku jina likibaki nyuma.

Kutoka kwa mnyama hadi kwa mtoto

Kwa miaka mingi toksoplasma ilihesabiwa kuwa jambo la wanyama. Mwaka 1923 Josef Janků, tabibu wa macho mjini Prague, alieleza juu ya vifuko vya kimelea alivyoviona katika jicho la mtoto mchanga aliyekuwa amefariki akiwa na maji kichwani. Maelezo yake hayakuvuta watu wengi wakati ule.

Mwaka 1939 Abner Wolf, David Cowen na Beryl Paige wa New York walitoa ushahidi ambao haukuweza kupuuzwa. Walikuwa wamemchunguza mtoto wa kike aliyeanza kupatwa na degedege siku chache tu baada ya kuzaliwa, akafa akiwa na umri wa mwezi mmoja hivi. Katika ubongo wake walikuta mabaka yaliyooza katikati na kuzungukwa na mchochota, na ndani ya mabaka hayo walikiona kimelea. Walipochukua chembe za ubongo huo na kuwadunga wanyama wa maabara, wanyama nao waliugua. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba toksoplasma huwapata binadamu, na kwamba mtoto aweza kuipata angali tumboni mwa mama yake.

Mwaka 1948 Albert Sabin na Harry Feldman walibuni kipimo cha damu cha kutambua watu ambao miili yao imewahi kupambana na kimelea hicho. Kipimo hicho kilifungua mlango wa mshangao, kwani watu waliokutwa na alama ya maambukizo walikuwa wengi mno, na karibu wote walikuwa wazima. Siku hizi hukadiriwa kuwa theluthi moja hivi ya watu wa dunia wanayo toksoplasma mwilini.

Hapa pana funzo kwa mwalimu na kwa mwandishi wa gazeti. Kuambukizwa ni jambo moja na kuugua ni jambo la pili. Mwenye kuandika kwamba theluthi ya watu "wanaugua toksoplasma" amesema uwongo bila kukusudia. Kiswahili kina maneno mawili yaliyo wazi, maambukizo na ugonjwa, nasi hatuna sababu ya kuyachanganya.

Kimelea kilalacho

Swali lililobaki lilikuwa hili: watu wengi kiasi hicho waliipata wapi? Mwaka 1965 Georges Desmonts na wenzake walionyesha mjini Paris kwamba watoto waliolishwa nyama isiyoiva vizuri waliambukizwa kwa wingi. Mwaka huohuo William Hutchison wa Glasgow alionyesha kwamba kinyesi cha paka chaweza kubeba maambukizo. Kufikia mwaka 1970 wataalamu kadhaa walikuwa wamekamilisha mzunguko: kimelea hiki hukamilisha uzazi wake katika utumbo wa paka na wanyama wa jamii ya paka, hutoka pamoja na kinyesi, huchanganyika na udongo, huingia katika mbuzi, kondoo, nguruwe na panya, na humfikia mtu kwa njia ya nyama mbichi, mboga zisizooshwa au mikono yenye udongo.

Kikisha kuingia mwilini, kimelea huenea upesi kwa siku chache. Kisha kinga ya mwili hukishinda nguvu, lakini haikimalizi. Kinachosalia hujifungia katika vifuko vidogo ndani ya misuli na ubongo, nacho hukaa humo kwa utulivu pengine maisha yote ya mtu. Kinga ni mlinzi wa lango: maadamu yu macho, mfungwa hatoki.

Mlinzi akidhoofika, vifuko hupasuka na vimelea huzaana na kuua seli za ubongo. Kinga iliyosalia hukimbilia mahali hapo; mishipa ya damu huvuja, seli nyeupe hukusanyika, na maji hujaa katika sehemu za jirani. Matokeo yake ni baka lenye kiini kilichokufa na ukingo wa mchochota. Mgonjwa huumwa kichwa, hupata homa, hupooza upande mmoja, huchanganyikiwa au huanguka kwa mtukutiko, kwa kadiri ya mahali baka lilipo.

Kabla ya mwaka 1981 ugonjwa wa namna hii kwa watu wazima ulikuwa nadra sana. Waliouona ni madaktari wa wagonjwa wachache wenye saratani za damu na za tezi za limfu, na wale waliopandikizwa figo au moyo, ambao hunyweshwa dawa za kupunguza kinga ili mwili usikikatae kiungo kigeni.

Pete katika picha

Mambo mawili yalibadili historia hii. La kwanza ni chombo. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali moja ya London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ambayo hukusanya miale ya eksirei kutoka pande nyingi na kuchora kichwa kana kwamba kimekatwa vipande vyembamba. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuona baka ndani ya ubongo wa mtu aliye hai bila ya kumpasua.

La pili ni msiba. Tarehe 5 Juni 1981 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia udhibiti wa magonjwa ilichapisha taarifa ya vijana watano wa Los Angeles waliopata nimonia ya nadra inayowapata watu wasio na kinga. Mwaka 1982 ugonjwa ulipewa jina. Mwaka 1983 wataalamu wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris wakatangaza kuonekana kwa virusi vinavyouleta. Mwaka huohuo wa 1983 zilichapishwa taarifa za wagonjwa wa namna hiyo, katika Amerika ya Kaskazini na Ulaya ya Magharibi, waliokutwa na toksoplasma ya ubongo. Ugonjwa uliokuwa nadra uliingia wodini kila juma.

Picha za wagonjwa hao zilionyesha pete: ukingo mweupe, katikati peusi. Taabu ni kwamba pete si alama ya ugonjwa mmoja. Jipu la bakteria hutoa pete. Saratani ya limfu iliyozuka ubongoni hutoa pete. Kinundu cha kifua kikuu, ambacho katika nchi zetu si kigeni, nacho hutoa pete. Ili kujua hakika, ilibidi fuvu litobolewe na kipande kichukuliwe, jambo la hatari kwa mgonjwa aliyekwisha kudhoofika.

Madaktari wakabuni njia nyingine. Mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana, mwenye mabaka zaidi ya moja na mwenye alama ya toksoplasma katika damu, hupewa kwanza dawa za toksoplasma, yaani pirimethamini pamoja na sulfadiazini, au kotrimoksazoli. Kisha hutazamwa kwa majuma mawili. Mabaka yakipungua, jina la ugonjwa limejulikana. Yasipopungua, ndipo hutafutwa sababu nyingine, hasa saratani ya limfu. Kwa maneno mengine, jina la ugonjwa halikutoka tena katika umbo la kijidudu wala katika umbo la kivuli pichani, bali katika jibu la mwili kwa dawa.

Hatari kubwa huwapata wale ambao seli zao za kinga ziitwazo CD4 zimeshuka chini ya 100 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Tangu mwaka 1996, dawa mseto za kufubaza virusi zilipoanza kutumika, pamoja na kotrimoksazoli ya kujikinga, ugonjwa huu umepungua sana kwa wale wanaozipata mapema. Wanaochelewa kupimwa bado hufika hospitalini na pete vichwani.

Majina katika Kiswahili

Tanzania ilipata wagonjwa wake wa kwanza kutambuliwa mwaka 1983, katika mkoa wa Kagera. Watu hawakungoja baraza wala kamati. Waliuita ugonjwa Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa siku zile na wafanyabiashara waliovuka mpaka wa Uganda. Jina hilo, kama lile la Tunis, lilishika kitu kilichokuwa karibu na macho.

Baadaye likaja neno UKIMWI, ambalo bila shaka ni mojawapo ya istilahi zilizofaulu kuliko zote katika historia ya karibuni ya lugha yetu. Lilikuwa rahisi kutamka, likanyambulika na kuingia katika nyimbo na mahubiri. Lakini hata hilo lilifafanuliwa kwa namna mbili: wako waliosema ni *Ukosefu* wa Kinga Mwilini, na wako waliosema ni *Upungufu*. Tofauti si ndogo. Aliyekosa hana kitu. Aliyepungukiwa anacho kidogo na aweza kuongezewa. Historia ya toksoplasma yathibitisha kwamba Upungufu ndilo neno la haki, kwani mgonjwa mwenye seli 80 akitibiwa akafikia 300, mlinzi hurudi langoni na kimelea hulala tena.

Istilahi ya pili iliyo nzuri ni magonjwa nyemelezi. Kunyemelea ni mwendo wa paka akimwendea panya, na taswira hiyo huingia akilini mara moja bila ya maelezo. Ila kwa ugonjwa tunaouzungumzia, taswira hiyo ni ya kweli nusu. Anayenyemelea hutoka nje. Toksoplasma, aghalabu, ilikwisha kuwamo ndani miaka mingi kabla. Mwalimu anayeeleza kwa neno nyemelezi peke yake humwacha mwanafunzi akidhani kwamba mgonjwa ameambukizwa jana.

Tukija kwenye ubongo, tunakuta uhaba. Tunalo jina *homa ya uti wa mgongo* kwa ugonjwa wa tando zinazofunika ubongo na uti wa mgongo; msikilizaji hufikiri mgongo, na akiumwa kichwa na kukakamaa shingo haoni uhusiano. Tunalo jina *kifua kikuu*, ambalo hutulazimisha kuandika "kifua kikuu cha ubongo", yaani kifua kilichomo kichwani. Tunasikia "malaria imepanda kichwani". Mtukutiko wa mtoto ni degedege, wa mtu mzima ni kifafa, na kupooza ni kiharusi, hata kama sababu ya yote ni baka moja. Maneno haya ya wananchi yana thamani yake. Hakuna anayetaka kuyafuta. Yanataja dalili, na dalili ndiyo anayoiona mtu wa nyumbani. Kosa ni letu tunapoyatumia katika vitabu na vyeti kana kwamba yametaja sababu.

Juu ya yote liko neno uvimbe. Hilo limebebeshwa mzigo wa dhana nne: kuvimba kwa kawaida, jipu, mchochota na saratani. Kwenye goti au shavu mzigo huo hauleti madhara makubwa, kwani mgonjwa huona mwenyewe. Ndani ya fuvu hakuna anayeona, na neno ndilo jicho la ndugu wa mgonjwa.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe:

Uvimbe: libaki kuwa jina la dalili tu, yaani kutuna kwa sehemu ya mwili. Lisitumiwe peke yake kutaja ugonjwa wa ndani. Saratani iitwe saratani.

Mchochota: hali ya sehemu ya mwili kupigana na kidhuru kwa kujaza damu, maji na seli za kinga. Baadhi ya waandishi wa tiba wamekwisha kulitumia. Wako watakaopinga kwa kuwa neno hili hukumbusha kuwasha na kuchoma, nao ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu. Tunajibu kwamba Kilatini nacho kiliita hali hii kwa jina la moto, na hakuna aliyedai kuona moshi.

Mchochota wa ubongo. Mchochota wa tando za ubongo: ya pili itumike katika maandishi ya kitaalamu mahali pa homa ya uti wa mgongo, na jina la zamani litajwe mara moja kwa ajili ya msomaji.

Baka (wingi mabaka): sehemu yenye mipaka iliyoharibiwa na ugonjwa. Kidonda halifai, kwani ni kilicho wazi; jeraha halifai, kwani huhitaji pigo.

Baka-pete: baka lenye ukingo ung'aao pichani na kiini cheusi. Hili ni jina la picha, wala lisichukuliwe kuwa ni jina la ugonjwa.

Maambukizo tuli: kimelea kimo mwilini, mtu ni mzima.

Mzuko: kugeuka kwa maambukizo tuli kuwa ugonjwa kinga inapopungua.

Ugonjwa wa toksoplasma: neno la kigeni litoholewe hivyo, bila ya kujaribu kutafsiri upinde wala gundi.

Hitimisho

Turudi kwa mama wa mfano wetu. Kwa istilahi hizi daktari angeweza kumwambia hivi: "Mama, mwanao ana mabaka ya mchochota kwenye ubongo. Tunadhani yameletwa na kimelea kilichokuwa kimelala mwilini mwake, nacho kimezuka kwa sababu kinga yake imepungua. Tutampa dawa leo, na baada ya majuma mawili tutapiga picha tena." Sentensi hizo ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na hazimwahidi mama kwamba mwanawe atapona. Zinampa kilicho haki yake, yaani sababu ya kumwacha mwanawe kitandani kwa majuma mawili.

Wenzetu wa Tunis walikiita kijidudu kwa umbo lake kwa sababu hawakujua zaidi. Sisi tunajua zaidi. Wasomaji wenye hoja dhidi ya mapendekezo haya, au wenye maneno bora kutoka lahaja na lugha zao, wanaombwa wayaandike ili yapimwe pamoja na haya kabla hayajasanifiwa.